Chokaa, saruji au kifusi? Namna ya kuchagua kwa udongo wa Dodoma

Kila mwaka kifuku kinapokaribia, kati ya Oktoba na Novemba, napigiwa simu zinazofanana. Mtu ana kiwanja bondeni, udongo mweusi, na anataka ua utakaopitika mvua zikianza. Fundi wake kamwambia amwage saruji ardhi ikaze. Jirani kamwambia achimbe, alete kifusi. Kuna mwingine kamtajia chokaa, ila hajui kama ni ileile ya kupaka ukutani. Anataka nimwambie ipi bora.

Huwa namuuliza kwanza udongo wake ukoje. Njia hizi tatu kila moja ina udongo wake, na fedha nyingi nilizoona zikipotea ardhini hapa Dodoma zilipotea kwa sababu kitu kizuri kilipelekwa kwenye udongo usiokikubali. Ninachoandika hapa kinawahusu wenye nyua za magari, maghala na sakafu za kawaida, na kamati za mitaa zinazochangishana kurekebisha barabara. Mwenye ghorofa aende kwa mhandisi wa miamba na udongo moja kwa moja.

Unasimama juu ya nini?

Kanda ya Kati ina mpangilio ambao ukiuzoea unausoma kwa macho. Juu kuna vilima vya mawe ya granite kama Mlimwa. Chini ya vilima, kwenye miteremko, kuna kichanga chekundu. Ukishuka hadi mabondeni unakuta mfinyanzi mweusi au wa kijivu, ule wa mbuga. Mashamba ya mpunga ya Bahi yapo kwa sababu ya mfinyanzi wa namna hiyo: unashika maji hauyaachii. Kinachomfaa mkulima wa mpunga ndicho kinachomtesa anayejenga. Kiangazi udongo huo unapasuka nyufa za kuingiza mkono, kifuku unavimba, na mwendo huo wa kupanda na kushuka ndio unaovunja sakafu na kuta nyepesi.

Kabla hujanunua mfuko wowote, fanya majaribio mawili yasiyo na gharama. Chukua udongo kutoka kina cha nusu mita (usichukue wa juu wenye majani na samadi), uloweshe, ukande kama unga wa chapati, halafu uviringishe juu ya ubao uwe kamba nyembamba ya milimita 3. Ukikatikakatika kabla haujafika hapo, una kichanga. Ukiviringika vizuri na ukaweza kuukunja duara, una mfinyanzi mwingi.

Jaribio la pili linataka silinda ya kupimia yenye maji cc 100. Kausha udongo, uponde, uchekeche, pima cc 10, mimina taratibu ndani ya maji, acha hadi kesho yake. Ukibaki chini ya cc 15, kwa kawaida hauna shida kubwa ya kuvimba. Ukifika cc 20 au zaidi, yaani umeongezeka maradufu, huo ni udongo wa kuogopwa na yeyote anayejenga jengo jepesi.

Baada ya hapo peleka sampuli maabara. Watakupa namba inayoitwa PI, ambayo inaonyesha upana wa kiwango cha maji ambacho udongo unakuwa nacho huku ukifinyangika. Kanuni inayotumiwa sana kwenye barabara za nchi za joto, kwa udongo ambao zaidi ya robo yake inapita chekeche la milimita 0.075, iko hivi: PI ikiwa chini ya 10, saruji. Kati ya 10 na 20, saruji au chokaa, zote zinaweza kufaa. Ikizidi 20, chokaa.

Kwa nini mfinyanzi unataka chokaa

Saruji inakaza kwa nguvu zake yenyewe. Ina kila kinachohitajika ndani ya mfuko. Inachotaka ni maji na chembe za kushikamanisha. Ipe mchanga au moramu (udongo wa changarawe), inafunga chembe moja hadi nyingine kama inavyofanya kwenye zege. Mfinyanzi hauna chembe za namna hiyo. Vipande vyake ni vidogo mno, vinajishika vyenyewe kuwa madonge, na saruji inaishia kulipaka donge kwa nje.

Chokaa inafanya kazi na mfinyanzi wenyewe. Hatua ya kwanza huchukua saa chache hadi siku mbili tatu: kalsiamu iliyo kwenye chokaa inaingia mahali pa madini mengine yanayoufanya mfinyanzi uvute maji, vile vipande vidogo vinakusanyika, na udongo uliokuwa unanata unaanza kukatikakatika kama chicha ya nazi. PI inashuka. Unaweza kuutembelea bila kubeba kilo tatu kwenye kila buti. Hatua ya pili ni ya polepole, ya wiki na miezi: chokaa ikitosha kuufikisha udongo kwenye pH (kipimo cha uasidi na ubesi) ya 12.4, silika na alumina za mfinyanzi zinaanza kuyeyuka na kuungana na kalsiamu, zinatengeneza gundi inayofanana na ile ya saruji. Yaani mfinyanzi unageuka sehemu ya kiunganishi. Na joto la Dodoma linasaidia, maana kazi hii huzorota kwenye baridi.

Kwa hiyo kipimo cha chokaa hakikisiwi kwa kuangalia nyumba ya jirani. Maabara wanachanganya sampuli na chokaa ya asilimia 2, 3, 4 ya uzito wa udongo na kuendelea, wanapima pH baada ya saa moja, na asilimia ndogo kabisa inayofika 12.4 ndiyo mahali pa kuanzia. Mara nyingi inaangukia kati ya 3 na 6.

Ua uliopasuka

Nimeshawahi kukosea, na kosa lenyewe lilinifundisha kuliko darasa. Nilisimamia ua wa kuegesha malori, upande wa barabara iendayo Singida, bondeni, mfinyanzi mtupu. Mwenye ua alitaka saruji kwa sababu saruji anaijua, nami sikusimama imara kumkatalia. Ilikuwa Septemba, udongo umekauka kama tofali. Tulipasua kwa greda, tukapitisha haro la trekta mara tatu, tukamwaga saruji asilimia 5. Boza la maji likachelewa. Tulipoanza kushindilia, saa nne zilikuwa zimepita tangu sehemu ya kwanza iloweshwe. Juu kulipendeza sana, kijivu, tambarare.

Januari nikaitwa. Ua ulikuwa umevimba kwa mabaka na kupasuka vipandevipande. Nikapiga sululu, nikatoa donge la ukubwa wa ngumi na kulivunja. Nje lilikuwa na ganda la saruji lenye unene wa karatasi ngumu. Ndani lilikuwa jeusi, lenye unyevu, nikibonyeza kwa kidole gumba linaacha alama kama nta. Saruji haikuwahi kuingia. Maji ya mvua ndiyo yaliingia.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni udongo: mfinyanzi mzito ukitaka kuukaza kwa saruji peke yake unadai asilimia 10 na zaidi, na bado hutaweza kuyavunja madonge yake. La pili ni saa. Saruji ikishakutana na maji, una kama saa mbili za kuchanganya, kusawazisha na kushindilia; baada ya hapo kila unaposhindilia unavunja kilichoanza kushikana. Kwa kazi ya mkono, yenye vibarua kumi na shindilio dogo, saa mbili ni chache mno kwa eneo kubwa. Gawa kazi vipande vidogo au usianze.

Chokaa ina subira, na kwa mkandarasi mdogo huo ni msaada mkubwa. Unachanganya mara ya kwanza, unalowesha, unalishindilia tabaka kidogo tu ili hewa isilichezee, unaliacha lilale siku 1 hadi 3. Madonge yanalainika yenyewe usiku. Ukirudi unachanganya tena, na safari hii haro inapita kama kwenye shamba la kichanga. Lengo ni kwamba madonge yote yapite chekeche la milimita 25, na angalau asilimia 60 yapite la milimita 4.75. Hapo ndipo unashindilia kwa nguvu zote. Boza likichelewa nusu siku hujapoteza kazi.

Kifusi: rahisi kueleweka, kizito kubeba

Watu wengi wanakipenda kifusi kwa sababu kinaonekana. Unachimba kibaya, unaleta kizuri. Na kwa eneo dogo, pale machimbo ya moramu yakiwa karibu, ni uamuzi mzuri usiohitaji maabara kubwa wala tahadhari za kemikali. Choo cha nje, njia ya kuingilia gari moja, kibanda cha mlinzi: leta kifusi, shindilia kwa matabaka ya sentimita 15, maliza.

Shida ni kina. Juu ya mfinyanzi unaovimba, sentimita 15 za moramu ni sawa na mkeka juu ya godoro. Ili uzito wa kifusi usaidie kuutuliza mfinyanzi ulio chini, na ili unyevu usibadilikebadilike sana, unahitaji sentimita 60 au zaidi. Na moramu ikiwa ya chembe kubwa tupu inapitisha maji, kwa hiyo shimo ulilolichimba kwenye mfinyanzi linageuka bakuli: mvua inashuka kupitia kifusi, inakaa chini, inavimbisha udongo uleule uliotaka kuukwepa. Nimeona hilo zaidi ya mara moja. Ukichagua kifusi, chagua chenye mfinyanzi kidogo wa kukifunga, na uinue eneo juu ya usawa wa ardhi badala ya kulizamisha.

Hesabu ya ua mmoja

Bei zinabadilika, kwa hiyo nakupa kiasi, bei utaweka mwenyewe siku utakayonunua. Tuseme ua ni mita 10 kwa 12, yaani mita za mraba 120, na tunataka tabaka la sentimita 15 baada ya kushindiliwa. Hizo ni mita za ujazo 18.

Kwa mfinyanzi uliokaa kwenye tani 1.6 kwa mita ya ujazo, uzito ni tani 28.8. Chokaa iliyozimwa asilimia 4 ni kilo 1,152, mifuko 46 hadi 47 ya kilo 25. Saruji ya asilimia 10 kwa udongo huohuo ni kilo 2,880, mifuko 58 ya kilo 50, na matokeo yake nimeshakueleza. Kifusi cha sentimita 60 ni mita za ujazo 72 zilizoshindiliwa. Kikiwa bado hakijashindiliwa kinakaribia mita 94, kwa lori la mita 7 ni tripu 14 za kuleta. Usisahau kwamba mfinyanzi uliochimbwa nao unataka karibu tripu zilezile za kuuondoa, na mahali pa kuutupa.

Ua huohuo ukiwa kwenye kichanga chekundu hesabu inageuka. Kichanga hushindilika hadi karibu tani 1.8, hivyo saruji asilimia 4 ni kilo 1,296, mifuko 26. Chokaa hapo usipoteze hata shilingi: hakuna mfinyanzi wa kufanya nao kazi, itabaki unga mweupe ndani ya mchanga.

Kwenye kumwaga, usikisie kwa macho. Asilimia 4 kwenye mfano wetu ni kilo 9.6 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 unatosha mita za mraba 2.6. Panga mifuko kwa umbali wa mita 1.6 kila upande, ipasue, itandaze kwa reki hadi ikutane. Mtu yeyote atakayepita ataona kama kuna sehemu imerukwa.

Maji, upepo na mwezi wa kuanza

Zote mbili, chokaa na saruji, zinataka maji, na Dodoma maji ya saiti ni ya boza. Chokaa inaongeza kiasi cha maji udongo unachohitaji ili ushindilike vizuri. Kama unahitaji kuongezwa asilimia 15 ya uzito wake, ua wetu unakunywa zaidi ya lita 4,300 kabla ya kuanza kumwagilia kwa siku 7 ili tabaka likomae bila kukauka. Visima vingi vya huku vina maji ya chumvi. Kama kesho unapanga kuweka lami juu, yapime kwanza, maana chumvi ikipanda huinua lami nyembamba.

Upepo wa Dodoma nao unahesabiwa. Unga wa chokaa ukitandazwa saa sita mchana utaufuata kwa jirani. Anza alfajiri, au ikoroge iwe uji mzito kwenye pipa na kuimwaga hivyo.

Kuhusu mwezi, nina msimamo: kwa chokaa kwenye mfinyanzi, Mei na Juni. Mvua zimekatika, ardhi bado ina unyevu, udongo unakatika vizuri kwa haro. Ukingoja Septemba utavunja vipande vigumu kama mawe na kununua maji mara mbili. Ukianza Desemba utafukuzana na mvua. Mvua ikiharibu ratiba, chokaa walau inasaidia kuukausha udongo uliolowa. Saruji kwenye tope ni kupoteza.

Pale chokaa inapokuangusha

Kuna chokaa ya aina tatu mitaani na mbili tu ndizo zinazofanya kazi hii. Chokaa iliyozimwa, ile ya mfuko mkavu laini, ndiyo ninayoishauri kwa kazi ndogo. Chokaa hai, ambayo haijazimwa, ina nguvu zaidi: kilo 1 yake inakupa kilo 1.32 za iliyozimwa. Lakini ikikutana na maji inachemka na kuunguza ngozi na macho; waachie wenye mitambo na mafunzo. Ya tatu ni chokaa ya kilimo, jiwe lililosagwa bila kuchomwa. Ni nzuri shambani, ila kwenye udongo wa kujengea haifanyi lolote. Mifuko ya chokaa iliyozimwa ikikaa miezi mingi ikipigwa na hewa nayo inarudi kuwa jiwe polepole. Kipimo cha haraka dukani: weka kijiko cha unga kwenye kisosi, dondoshea siki au maji ya ndimu. Ikitoa povu jingi, iache hapohapo.

Udongo wenye mboji nao unakula chokaa bure, ndiyo maana tunaondoa tabaka la juu. Na kuna jasi. Watu wa Itigi wanaijua, wanaichimba. Udongo wenye jasi una salfeti, na salfeti ikikutana na chokaa, alumina ya mfinyanzi na maji, inaota fuwele zinazovimba kiasi cha kuinua sakafu. Saruji nayo ina kalsiamu, kwa hiyo haikwepi tatizo hilo. Ukiona vifuwele vyeupe au vinavyong'aa ndani ya mfinyanzi, hasa ukielekea Manyoni na Singida, omba kipimo cha salfeti kabla ya kingine chochote. Hapo kifusi kinaweza kuwa ndilo jibu, hata kama tripu ni nyingi.

Vibarua wavae miwani ya kukinga macho, glovu na buti, na maji safi yawe karibu. Chokaa iliyozimwa nayo inachoma jicho. Usimruhusu mtu achanganye kwa miguu mitupu, hata akikuambia amezoea.

Jambo jingine nalisema wazi kwa sababu linagharimu nyumba za watu: tabaka la sentimita 15 au 30 la chokaa chini ya jamvi la zege haliuondoi mfinyanzi wa mita mbili ulio chini yake. Linakupa sakafu tulivu zaidi na saiti inayofanyika kazi. Msingi wa kuta bado unataka ushauri wa mhandisi, nondo zake, na maji ya paa kupelekwa mbali na ukuta.

Ningechagua nini

Kwenye kichanga chekundu, saruji asilimia 3 hadi 5 baada ya vipimo, kwa vipande vidogo vinavyoisha ndani ya saa mbili. Kwenye mfinyanzi mweusi wa eneo kubwa kama ua wa malori au barabara ya mtaa, chokaa. Kwenye mfinyanzi wa eneo dogo lililo karibu na machimbo, kifusi kilichoinuliwa.

Kama bondeni unahitaji nguvu kubwa, mathalani malori yenye shehena yanageuka papo hapo kila siku, zipo njia za kuunganisha: chokaa asilimia 2 au 3 kwanza, udongo ulale siku mbili hadi uwe kama chicha, kisha saruji asilimia 2 au 3 na kushindilia siku hiyohiyo. Chokaa inayavunja madonge, saruji inapata chembe za kushika. Ni gharama ya mifuko ya aina mbili, na ndivyo ulivyorekebishwa ule ua wa barabara ya Singida.

Ukitumia chokaa, siku ya mwisho kabla ya kumlipa fundi, chimba vishimo vitatu vinne vya kina cha tabaka na upulizie ukuta wa shimo dawa ya maabara iitwayo fenoftalini. Palipo na chokaa ya kutosha ambayo bado ina nguvu patageuka rangi ya waridi iliyokolea, kama juisi ya rosela. Pasipogeuka, haro haikufika au chokaa ilishapigwa na hewa. Mlete fundi aone kwa macho yake, pima kwa rula ni sentimita ngapi zimekolea, ndipo muongee malipo.